Vyuma vya Katekista

Siku injini ya pikipiki yetu ilipofunguliwa tulikuwepo mimi, mdogo wangu Gervas, mapacha Bukuru na Butoyi, Mama Chausiku wa chumba cha mbele, na Katekista. Mimi nilishika hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Gervas alishika silinda kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui ampakate vipi. Bukuru alikuwa na nati, Butoyi alikuwa na pini ya pistoni. Mama Chausiku, ambaye alikuja tu kuomba kaa la moto la kuwashia jiko lake, alipewa klipu moja mpya. Ni kiwaya cha duara, kidogo kuliko pete ya mtu mzima. Kazi yake ni kuizuia pini isichomoke ndani ya pistoni injini inapozunguka. Katekista hakushika kitu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifungua.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Mafundi wengine hutandika gunia chini wakapanga vyuma juu yake. Yeye alisema gunia halina macho, na ua wetu pale Rusimbi ulikuwa na kuku wengi na watoto wengi zaidi. Kwa hiyo kila chuma kilichotoka kwenye injini alimpa mtu. Ukishapewa huruhusiwi kukiweka chini, huruhusiwi kumpa mwingine, na ukiwashwa mgongoni unamwambia mwenzako akukune. Wakati wa kurudisha hakutuita kwa majina. Alisema, "Silinda, sogea," na Gervas akasogea. "Hedi, bado wewe, usiwe na haraka."

"Mimi naitwa nani?" Mama Chausiku aliuliza.

"Wewe ni Klipu."

"Klipu ndiyo nini? Mbona wenzangu wamepewa vitu vya maana?"

"Hicho chako kikipotea, vya wenzako vyote ni vyuma chakavu."

Mama Chausiku akacheka, akakifunga kwenye pindo la khanga yake pamoja na sarafu zake, mahali anapofungia kila kitu asichotaka kipotee.

Katekista alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Sijui alitokea wapi kabla ya ua ule, na sikuwahi kumuuliza. Siku za Jumapili alivaa kanzu nyeupe, akapanda milimani nyuma ya mji kuongoza ibada kwenye kigango ambacho padre alikifikia mara chache. Siku nyingine alivaa kaptura iliyokolea oili, akakaa juu ya kopo la rangi mbele ya mlango wake akiichokoa pikipiki. Alikuwa na yake, sisi tulikuwa na ya marehemu baba, na zote mbili zilikuwa za aina moja, zile za bei nafuu kutoka nje zinazokuja kwenye maboksi zikafungwa na vijana wa dukani kwa pupa. Yeye hakuzidharau kama watu wengine. Alisema, "Hizi zimekuja hazijamalizwa kutengenezwa. Kumalizia ni kazi yetu sisi huku."

Akamalizia kweli. Ya kwetu aliitoa nati za kiwandani moja moja, zile laini zinazolika ukizigusa na spana, akaweka ngumu alizookota miaka mingi sijui wapi. Chini ya betri aliweka kipande cha tyubu ili isitikisike. Keria ya nyuma aliipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Mwanga, ikaongezwa nondo mpaka ikafanana na kitanda. Alibadilisha sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, akaweka kubwa zaidi, kwa sababu mlima wa kutoka Kibirizi ukiwa na magunia ya dagaa hauhitaji mbio, unahitaji nguvu. Dagaa wabichi hutiririsha maji, na maji yale yakidondokea cheni inaoza. Fundi yeyote atakwambia upake grisi. Katekista alikata dumu la mafuta ya kula, akalikunja kwa moto wa jiko la Mama Chausiku, akalifunga juu ya cheni kama paa. Vijana wa bodaboda pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia dagaa, walinicheka.

"Dada Skola, pikipiki yako imejengewa nyumba!"

"Zenu zitalala nje mvua ikinyesha," niliwajibu. Baada ya muda niliona madumu kwenye pikipiki zao.

Hakuwa fundi wa haraka, wala hakuwa fundi wa kusifiwa. Alijifunza kwa kuharibu. Kila alipomaliza kufunga, nati moja au mbili zilibaki mkononi mwa mmoja wetu. Alizitazama kwa uchungu, akafungua tena kuanzia mwanzo. Nati ikigoma aliitukana kwa Kibembe, kwa sauti ya chini, matusi marefu yasiyokatika, halafu akafanya ishara ya msalaba na kuendelea. Sisi hatukuelewa hata neno. Mama Chausiku alielewa, maana alizaliwa ng'ambo ya ziwa, na siku za nati ngumu aliingia ndani kwake akafunga mlango.

Alifundisha uvumilivu kwenye mafundisho ya kipaimara, lakini chai isipochemka haraka aliinywa vuguvugu. Spana zake hakumwazima mtu. Hata padre alipomwomba moja, Katekista alikwenda nayo mwenyewe mpaka parokiani, akasimama pembeni mikono nyuma mpaka kazi ilipokwisha, akarudi nayo. Na ukimwona barabarani juu ya pikipiki yake utashangaa kwamba huyu ndiye anayezifungua na kuzifunga. Alikuwa mwoga. Kwenye mteremko alishusha miguu yote miwili akaburuza soli, na wanawake wenye ndoo kichwani walimpita wakimsalimia, "Tumsifu Yesu Kristo, Katekista, tunatangulia!"

"Milele amina," alijibu, macho barabarani.

Haya yote nayasema ili ieleweke ni mtu gani aliyekuwa amekaa juu ya kopo lile siku ya klipu, na kwa nini injini ile ilikuwa imefunguliwa.

Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na mama akamfuata kabla hatujazoea. Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia niache. Asubuhi moja niliwavalisha mapacha sare zao, nikawasindikiza hadi njia panda, nikageukia Kibirizi badala ya shuleni. Pikipiki ya baba ndiyo iliyotulisha. Nilichukua dagaa mwaloni alfajiri, nikawapeleka kwa wachuuzi wa soko la Mwanga, nikarudi tena. Kisha ikaanza kutoa moshi na kula oili, mwishowe ikakataa mlima. Nikawa naisukuma.

Ndipo akaja baba mdogo kutoka Kasulu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake wengi na mashamba yaliyochoka, na alikuja na mkungu wa ndizi mabegani. Alikaa, akala, akaitazama pikipiki iliyoegemea ukuta.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, "huwezi. Nani atakulaumu? Hicho chuma tukiuze. Gervas ni mkubwa, atapata kazi kwenye mitumbwi. Bukuru nitakwenda naye mimi. Butoyi shangazi yenu wa Uvinza atampokea."

"Baba mdogo, hao ni mapacha. Hawajawahi kulala vyumba viwili."

"Watazoea. Mtoto huzoea."

"Pikipiki itapona. Nipe muda."

"Skola, mimi nalima. Mahindi hayanisubiri." Akafikiri, akajikuna kidevu. "Nakwenda Ujiji kwa rafiki yangu mpaka Jumamosi. Nikirudi nikaikuta inabeba mzigo, sisemi kitu tena. Nikiikuta imelala hapo, watoto wafungashe nguo."

Katekista alikuwa mlangoni kwake akipiga mswaki. Alitema povu, akasuuza mdomo, akasema kana kwamba anaongea na ukuta, "Jumamosi siyo mbali."

Hilo tu. Kesho yake akamtuma Gervas kwenda Mwanga kununua pistoni mpya na vitu vyake, na ilikuwa pesa yetu ya mwisho. Siku iliyofuata tukafungua. Pistoni ya zamani ilitoka imechunika upande mmoja, na klipu zake Katekista alizivunja kwa plaizi wakati wa kuzitoa. Mpya ikaingia. Klipu ya upande wa kushoto ikakaa. Ilibaki ya upande wa kulia, na Katekista akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Klipu, njoo."

Alivichezesha vidole.

"Klipu!"

Mama Chausiku hakuwepo. Sote tulikuwa tumeinamia injini, hatukumwona akiondoka. Binti mmoja alipita na kumnong'oneza kwamba kwa mwashi, nyumba chache chini yetu, mzee mwenyewe amefariki. Mtu haambiwi msiba akaendelea kusimama na kiwaya kwenye pindo. Alikwenda.

Tulimsubiri. Mikono yangu ilikufa ganzi lakini sikuiweka hedi chini. Aliporudi jua lilikuwa limeshaelemea upande wa ziwa. Alikuja taratibu, macho mekundu, akamkuta Katekista amenyoosha kiganja. Alifungua pindo. Lilikuwa tupu.

Alilikung'uta, akafungua la pili. Akakaa chini hapo hapo.

"Yarabi," alisema. "Nimekitoa rambirambi."

"Umefanyaje?"

"Beseni limepita. Wanawake tumebanana mle ndani, giza, watu wanalia. Nimefungua pindo nikamimina. Nimemimina vyote."

Butoyi alianza kucheka, Bukuru akampiga kiwiko, kisha wote wawili wakacheka mpaka nati zikawa zinalia mikononi mwa Bukuru. Gervas alisema, "Naenda kukichukua sasa hivi, ni dakika tu."

"Utaingia vipi?" Katekista alimuuliza.

"Kwa mlango."

"Utasema poleni sana kwa msiba, mimi nimekuja kurudisha rambirambi yetu? Utaanza kupekua beseni mbele ya mjane?"

Gervas aliipakata tena silinda yake.

"Kimeshatolewa kwa wafiwa," Katekista alisema. "Ni chao."

Nikasema labda dukani wanauza klipu peke yake. Alisema hawauzi, wanauza pistoni nzima na vitu vyake, na sote tulijua kwamba pesa ya kununulia nyingine haipo. Mama Chausiku alikuwa akilia tena, na sasa hakuwa akimlilia mwashi. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu nguo za mapacha kichwani, zipi zimekauka na zipi bado ziko kambani.

Katekista aliinuka kwenye kopo lake. Alichukua spana zake, akaingia chumbani ambamo pikipiki yake ililala usiku kama mbuzi, akafunga mlango. Tulisikia vyuma. Tulisikia Kibembe kwa muda mrefu. Mama Chausiku aliziba masikio yake, akaona haitoshi, akamziba na Butoyi. Kisha Katekista akatoka, akaniwekea klipu kwenye kiganja.

"Hii yangu ya zamani imetoka nzima," alisema. "Shika. Wewe huna khanga."

Siku ya Jumamosi baba mdogo aliisikia pikipiki kabla hajaiona. Nilikuwa napanda kutoka Kibirizi na magunia mawili, na yeye alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkono kwenye mfuko wa nguo ambao mapacha walikuwa wameshaufunga kwa utii. Aliizunguka. Aliitikisa keria ya nondo. Aligusa lile paa la dumu, akaguna. "Basi," alisema. Akanywa chai, akaondoka peke yake. Mapacha walizirudisha nguo zao kwenye sanduku moja.

Jumapili iliyofuata ndipo nilipomwona Katekista akitoka kwa miguu. Kanzu aliikunja kwenye mfuko ili isichafuke njiani.

"Shikamoo, Katekista. Pikipiki vipi?"

"Marahaba. Inapumzika."

Ilipumzika miaka yote iliyofuata. Nilitaka kumnunulia pistoni mara tu tulipopumua kidogo, lakini wakati huo hedi yetu ikapasuka, na kabla sijafungua mdomo akaja na ya kwake mkononi. Halafu kabureta. Halafu rimu ya nyuma, spoki zilipokatika mlimani nikiwa na mzigo na mvua imenikuta. Kila nilipokataa alikuwa na jibu lile lile: "Yangu imelala. Chuma kilicholala kitamsaidia nani? Mapacha wamalize shule kwanza." Tukiwa tunafunga, kila mmoja na chuma chake mkononi, Mama Chausiku alisimama mbali, mikono amekunja nyuma, akikataa kushika chochote. Alikuwa amewahi kuiona ile klipu. Mtoto wa mwisho wa mwashi aliivaa kidoleni pale kwenye bomba la maji, akiiita pete yake. Mama Chausiku alijaza ndoo, akamsifia mtoto kwa pete, akarudi nyumbani.

Kuhusu kutembea, Katekista hakulalamika. Aligeuza mzaha. "Sasa nawahi," alisema. "Zamani waumini walikuwa wanamaliza rozari nzima wakisikiliza mlio unavyokuja. Siku hizi wananikuta nimeshafagia." Na ilikuwa kweli kwamba kwa miguu alikwenda haraka kuliko alivyoendesha. Kwa muda mrefu niliukubali mzaha huo kwa sababu ulinifaa. Lakini mimi nauza dagaa kwa watu wa milimani, na najua njia ile. Wakati wa masika ni tope la kunata, wakati wa kiangazi mawe yanateleza chini ya mguu. Mwaka mmoja alianza kushikilia ukuta akitoka chumbani. Mwaka uliofuata alikuwa na fimbo. Kisha parokia ikampata katekista mwingine wa kigango, kijana, na huyu wetu akabaki na jina tu.

Nilikwenda kwake mwaka huu masika yalipokwisha. Nimehamia Kibirizi sasa, karibu na mwalo, na nina pikipiki nyingine. Gervas yuko kwenye maboti. Mama Chausiku anaishi kwa binti yake Ujiji. Mapacha walimaliza shule. Bukuru anasomea uuguzi Tabora, Butoyi ameolewa Dodoma, na wanapigiana simu mpaka salio linakwisha. Nilikuwa na gunia kwenye keria: pistoni mpya ndani ya boksi lake, hedi, kabureta, rimu ya nyuma na tairi lake. Pikipiki ya baba niliifungua yote ili kupata vile vinavyofaa, visivyofaa nikanunua.

Alikuwa mlangoni, juu ya kopo lile lile, mguu mmoja ameunyoosha mbele yake kama kitu cha mtu mwingine alichoambiwa akilinde. Goti lilikuwa limevimba.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Hedi." Alilitazama gunia. "Watu wako wapi?"

"Tumebaki sisi."

"Nani atashika sasa?"

"Tutaweka kwenye gunia."

Hakupenda. Pikipiki yake niliifungua mimi, yeye akiniongoza kwa mdomo, na kila chuma nilichotoa alikitaka. Alijaza mapaja yake, akajaza viganja, mpaka akawa hawezi kusogea. Mikono yake inatetemeka siku hizi, na vyuma vililia polepole muda wote. Klipu mpya niliziweka mdomoni, nikazibana kwa midomo.

"Usimeze," alisema. "Huko msibani siendi kuulizia."

Tulimaliza mchana. Hakuna nati iliyobaki, akanifanya nihesabu upya kwa sababu hakuamini. Nikapiga kiki. Ilikohoa, ikakataa, ikakohoa. Kisha ikawaka na moshi wa miaka mingi ukajaa uani, watoto wa wapangaji wapya wakakimbia kuja kuona. Katekista alifumba macho akisikiliza. Halafu akaniomba nimletee kanzu yake iliyokuwa imetundikwa msumarini, akaivaa juu ya kaptura.

"Twende kigangoni," alisema. "Uendeshe wewe. Mimi utanitia hofu bure, lakini twende."

Niliipandisha pikipiki kwenye stendi. Aliushika mgongo wa kiti, akainua mguu. Ulifika kwenye keria, ukasimama. Nilimletea stuli. Alipanda juu ya stuli, nikamshikilia kiunoni, tukajaribu tena na goti halikukunjika. Tulijaribu akae upande kama wanavyokaa wanawake, lakini mguu ule ulibaki umetoka mbele kama boriti, na kila nilipoachia klachi aliteleza. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama barabarani akasema, "Mama, mpakie kwenye bajaji tu." Bajaji haipandi njia ile.

Katekista alirudi kwenye kopo lake. Alikuwa anahema. Kanzu hakuivua.

"Goti vipi?" nilimuuliza, maana sikujua la kusema.

"Linapumzika." Akaitazama injini ikiendelea kuunguruma. "Zima, unachoma petroli. Lakini uwe unakuja kuiwasha. Ikikaa itakufa."

Basi kila Jumapili baada ya misa napita Rusimbi, napiga kiki, inawaka mara ya kwanza siku hizi. Anasikiliza kwa muda, mkono juu ya goti, macho kwenye milima. Kisha ananiambia nizime. Vyuma vyake vyote nimevirudisha, hata klipu. Njia ile ya kigangoni, ambayo aliipanda kwa miguu Jumapili zote zile ili mapacha walale chumba kimoja, bado nadaiwa.